Kutoka Ruiru hadi Bath ya Mwaka 1815: Mambo Kumi Tuliyojifunza Ndani ya Matatu

Mimi naishi Ruiru, mwenzangu anaishi Thika, na riwaya yetu inaishi kando ya mji wa Bath, Uingereza, mwaka 1815. Mimi naandika, yeye anasoma. Jumamosi hii nampelekea sura kwa matatu nambari 237. Jumamosi ijayo yeye anashuka Ruiru, na sura ileile imejaa wino mwekundu. Tumekuwa hivi tangu shule ya bweni, tulipokuwa tukisoma riwaya za mapenzi za mtumba chini ya blanketi kwa mwanga wa tochi. Nyingi zilitufikia bila kurasa za mwisho. Tochi ikizimwa tulibishana kwa kunong'ona: huyu bwana atarudi, harudi, na akirudi apokewe? Kila mmoja alijitungia mwisho wake. Naamini uandishi wetu ulianzia pale, kwenye kurasa zilizong'oka.

Kwa asiyezijua riwaya za Regency, kisa ni hiki. Mwaka 1811 Mfalme George wa Tatu alikuwa ameugua akili kiasi cha kushindwa kutawala, ikabidi mwanawe afanywe kaimu. Alikaimu miaka tisa, ndiyo hiyo Regency, mpaka baba alipofariki mwaka 1820. Riwaya zote sita za Jane Austen zilichapishwa ndani ya miaka hiyo, na hadi leo waandishi wa dunia nzima hurudi huko kutunga mapenzi: magauni yenye kiuno kifuani, dansi za mishumaa, barua, na mama wenye mabinti wa kuoza. Watu huniuliza mtu wa Ruiru ametafuta nini kwenye sherehe hiyo. Haya ndiyo majibu yangu, na vijembe vya mwenzangu vimo. Tunahesabu kwenda chini, kama makanga anavyohesabu viti vilivyobaki.

10. Mvua ina kazi yake

Katika Pride and Prejudice, mama anamtuma bintiye Jane kwa farasi badala ya gari kwa kuwa mawingu yametanda. Mvua inanyesha, Jane anapata homa, analazwa nyumbani kwa mwanamume anayetakiwa na mama. Katika Sense and Sensibility, Marianne anateleza mlimani kwenye mvua na kijana mgeni anambeba hadi kwao. Msomaji wa Ruiru haelezwi hayo mara mbili. Anaijua mvua ya Aprili, viatu mkononi, na mtaro uliofurika kati yako na steji.

"Ila wa huku akikubeba kukuvusha," alisema mwenzangu, "anataka hamsini."

9. Ni nani ameketi na nani

Katika Mansfield Park, safari ya kwenda Sotherton inaharibika kabla magurudumu hayajazunguka. Dada wawili, Maria na Julia, wote wanataka kiti cha mbele, kando ya Henry Crawford anayeendesha. Julia anakipata na kucheka njia nzima. Maria anaketi nyuma na kununa njia nzima. Miaka mia mbili imepita, na kiti cha kando ya dereva bado kinagombewa kwenye 237.

Nimejifunza kuandika magari ya farasi kwa kukaa kimya ndani ya matatu. Watu wawili wasiojuana wakifungiwa mahali padogo kwa nusu saa, magoti yakigusana, hakuna pa kwenda ila mazungumzo. Barabara ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, safari ilifupika. Wasafiri walifurahi. Sisi watunzi wa mapenzi tuliyapoteza mazungumzo marefu ya foleni ya Githurai, ingawa jioni nyingine foleni yenyewe hutukumbuka na kurudi.

8. Pesa ziwekwe mezani mapema

Watu hudhani riwaya hizi ni za busu. Ni za hesabu. Katika Pride and Prejudice, Bwana Darcy hana hata dakika tano ukumbini, na tayari kila mtu anajua ana pauni 10,000 kwa mwaka. Bwana Bingley ana elfu nne au tano. Mabinti watano wa Bennet wanaishi kwenye nyumba nzuri ambayo baba akifa itamwendea binamu wa kiume, kwa sababu hati ya urithi ilifungwa hivyo zamani. Tena mwanamke akiolewa, mali yake ilimezwa na ya mumewe. Sheria za kumrudishia zilikuja mwaka 1870 na 1882, mabinti wa Austen wakiwa wameshazeeka kama wangekuwa watu wa kweli.

Katika riwaya yetu mhusika mmoja ni mjane wa nahodha wa jeshi la majini. Mumewe alikufa kwenye pigano la Grand Port, kisiwani Mauritius, Agosti 1810, ambako Waingereza walishindwa na Wafaransa. Nilipofika sura ya shemeji kumtoa mjane nyumbani, niliandika ukurasa mzima wa kueleza sheria za Kiingereza. Mwenzangu aliufuta wote kwa mstari mmoja wa wino. "Hapa Thika nani anahitaji kuelezwa shemeji?"

Alikuwa na haki. Sheria yetu ya Urithi ilianza kutumika mwaka 1981 na haibagui kati ya mtoto wa kiume na wa kike. Katiba ya 2010 nayo imekataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi. Hata hivyo, binti anayeuliza habari za kipande chake cha shamba bado anaweza kutazamwa kikaoni kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Ndiyo maana kilio cha Mama Bennet, ambacho wasomaji wengi wa Uingereza hukiona kichekesho, mimi nakisoma kwa huruma. Yule mama ana woga halali.

Kinachowachanganya wasomaji wetu ni mahari, kwa kuwa yalienda upande wa pili. Kule fedha zilitoka kwa msichana: Georgiana, dada ya Darcy, ana pauni 30,000, na hizo ndizo yule mlaghai Wickham alizozipenda alipotaka kutoroka naye. Huku Kiambu ruracio inatoka kwa upande wa mvulana. Wazee wanaketi, mbuzi wanatajwa, na maneno yanapambwa. Mwenzangu alilikata shauri: "Kwao msichana alikuja na mzigo, kwetu mvulana anakuja na mzigo, na pande zote mbili anayehesabu ni shangazi."

7. Barua ililipiwa na aliyeipokea

Hadi stempu ilipoanza mwaka 1840, gharama ya barua kwa kawaida ilimwangukia anayeandikiwa. Ukimtumia rafiki maskini kurasa nne za umbea, umemtia deni. Basi watu walijaza ukurasa mmoja, wakaugeuza ubavu, wakaandika tena kukatiza mistari ya kwanza. "Huo si ujumbe wa tafadhali nipigie?" akauliza mwenzangu. Ndio huohuo. Na anayekupenda unamjua kwa jinsi anavyolipa bila kuguna.

6. Ruiru ina kisa chake cha mapenzi yasiyotarajiwa, nacho kiko kwenye kikombe

Mtu akiniambia kwamba wawili wasiofanana hawawezi kuleta kitu kizuri, namwonyesha mmea wa kahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mashamba ya kahawa ya Kenya yalishambuliwa vibaya na chulebuni, ugonjwa unaoozesha tunda likiwa bado bichi. Watafiti wa kituo cha kahawa hapa Ruiru wakaanza kazi ya kuozesha. Mama alikuwa Catimor: mfupi, mgumu, haugui ovyo, ila kwa utamu hakuna aliyemsifu. Upande wa baba walikuwemo akina SL28, ukoo wenye ladha inayotafutwa duniani na afya inayosumbua. Tena huyo Catimor mwenyewe ana bibi wa ajabu, kwa maana ukoo wake unarudi hadi kisiwa cha Timor, ambako arabika na robusta, mimea ambayo kwa kawaida haioani, ilioana yenyewe shambani bila mshenga.

Mwaka 1985 mtoto akatolewa hadharani: Ruiru 11. Mfupi kama mama, mvumilivu wa chulebuni na kutu ya majani, na mbegu zake huzalishwa kwa kuchavusha ua mojamoja kwa mkono. Kuna watu wanaobisha kwamba ladha yake haifikii ya baba. Wakwe huwa hivyo.

Nimembandika mhusika wangu wa pili tabia za Ruiru 11. Ni binti wa kasisi maskini, mfupi, mkaidi, haugui, na kila mtu anamdharau hadi siku mambo yanapoharibika.

5. Dansi mbili zinatosha

Msichana aliyecheza na bwana mmoja zaidi ya mara mbili usiku mmoja alikuwa ametangaza jambo, na asubuhi majirani walitaka kujua tarehe ya harusi. Mtaani kwetu ukinywa chai mara mbili na mtu mmoja kwenye kibanda kimoja, mama mwenye kibanda ameshachagua rangi ya sare.

4. Malkia wa riwaya hizi aliandika kwenye kibanda cha matete, Tanganyika

Hili nililijua nikiwa mtu mzima, na siku hiyo nilishuka kwenye matatu kabla ya kituo changu kwa furaha ya kutaka kumpigia mwenzangu simu.

Austen aliandika kuhusu zama zake mwenyewe. Aliyefanya zama hizo ziwe nchi ya kurudiwa na watunzi wa baadaye ni Georgette Heyer, aliyezaliwa Wimbledon mwaka 1902. Riwaya yake ya kwanza, The Black Moth, ya mwaka 1921, aliianza kama hadithi ya kumliwaza mdogo wake aliyekuwa mgonjwa. Mwaka 1925 akaolewa na Ronald Rougier, mhandisi wa migodi. Kazi ikampeleka mume Tanganyika, na Heyer akamfuata. Wakaishi porini, kwenye kibanda cha matete, na humo ndimo alimoandika The Masqueraders, kilichotoka mwaka 1928: kaka na dada wanaojificha London, dada akiwa amevaa kama mwanamume na kaka akiwa amevaa gauni. Kisa ni cha karne ya 18. Maktaba yake ilikuwa ng'ambo ya bahari. Aliandika kwa alichokibeba kichwani.

Miaka michache baadaye, mwaka 1935, akatoa Regency Buck, na mlango ukafunguka. Kabla hajafariki mwaka 1974 alikuwa ameandika vitabu zaidi ya hamsini. Alikuwa mchunguzi hodari: alijaza madaftari kwa michoro ya kofia na bei ya mishumaa, na aliwahi kununua barua ya Duke wa Wellington ili ajue yule jemadari alipangaje maneno yake.

Nampenda Heyer, na upendo wangu una mpaka. Katika The Grand Sophy, cha mwaka 1950, kuna sura ya mkopeshaji fedha Myahudi iliyoandikwa kwa chuki, miaka mitano tu baada ya dunia kuona chuki hiyo ilivyofanya Ulaya. Sura hiyo siisamehe. Pia sioni popote katika simulizi za maisha yake ya Tanganyika kwamba aliwaandika wanawake wa pale kama watu wanaoweza kuwa na rafiki, barua au siri. Waliishi karibu naye. Wangempa riwaya.

Lakini kibanda kile nakishikilia. Mtu akiniambia kwamba riwaya hizi haziandikiki hapa, namwambia zimeshaandikwa hapa, umeme bila, maktaba bila, simba wakiwepo. Mimi nina stima na meza karibu na dirisha. Mwenzangu akacheka: "Stima ya Ruiru nayo ina siku zake." Siku hizo naandika kwa mshumaa, na sura za mshumaa hutoka zimekolea kuliko zote.

3. Fungua mlango wa jikoni

Thika imeshaingia kwenye fasihi ya Kiingereza. Elspeth Huxley aliletwa hapa akiwa mtoto, muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mwaka 1959 akaandika The Flame Trees of Thika. Mwaka 1981 kikafanywa mchezo wa televisheni. Kina mapenzi yasiyotarajiwa, kina urafiki wa wanawake wawili walowezi, kina vumbi na nyota. Nimekisoma mara tatu na nikafurahia macho ya yule mtoto. Kila mara nimeshtuka vilevile: Wagĩkũyũ, wenye ardhi ile, wanaingia na kutoka kwenye kurasa kupitia mlango wa jikoni. Nakaa hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka 1908, nikisikia maporomoko ya Chania upande mmoja na ya Thika upande wa pili, na nawaza: shosho za shosho zetu walichota maji haya. Walikuwa na marafiki. Walilimiana mashamba kwa zamu kwenye ngwatio, na kwenye ngwatio hakuna siri inayomaliza mstari mmoja wa mahindi.

Kwa hiyo hatuandiki riwaya ya Regency ili tuigize kuwa Waingereza. Tunaandika ili tufungue ule mlango. Na tukichungulia, tunakuta watu walikuwa ndani tangu mwanzo. Dido Elizabeth Belle, binti wa mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa na wa afisa wa jeshi la majini, alilelewa Kenwood, London, pamoja na binamu yake Elizabeth Murray, na picha iliyowachora wasichana hao wawili pamoja ipo hadi leo. Alifariki mwaka 1804, miaka saba tu kabla ya kaimu kuingia kazini. Jane Austen mwenyewe, katika Sanditon, aliyoianza Januari 1817 na kuiacha kwa maradhi, alimweka Miss Lambe, msichana tajiri kuliko wote mjini humo, chotara kutoka visiwa vya Karibea. Hakupata muda wa kumpa rafiki. Hilo ni pengo la kuumiza, na ni mwaliko.

Dunia ya 1815 pia haikuishia Bath. Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akitunga mashairi yaliyochoma watu kwa majina yao. Lamu na Mombasa walikuwa wametoka kupigana Shela. Kule Pate, Mwana Kupona binti Msham alikuwa msichana mdogo. Mwaka 1858 angemtungia bintiye utendi unaosomwa hadi leo. Mjane wetu anayo barua ya mumewe kutoka Bahari ya Hindi inayotaja bandari hizi. Mwenzangu aliidai barua hiyo miezi miwili: "Nahodha amefika huku kwetu, halafu asiandike neno?"

Tukirudi nyumbani, ukitoka Thika ukatazama mashariki unauona mlima wa Kilimambogo, alikozikwa mlowezi Northrup McMillan. Mkewe Lucie ndiye aliyemjengea ukumbusho Nairobi, Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na kwa miongo ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo kusoma. Mwaka 2017 wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, walianzisha Book Bunk ili waikarabati maktaba hiyo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Mlango wa mbele, si wa jikoni.

2. Mapenzi yasiyotarajiwa yalipiwe bei yake

Kosa la riwaya nyingi za aina hii ni kwamba wasiofanana wanapendana, watu wanasengenya kurasa mbili, kisha keki. Heyer aliwahi kulikwepa kosa hilo vizuri sana. Katika A Civil Contract, cha mwaka 1961, bwana mwenye cheo na madeni anampenda Julia mrembo, lakini anamwoa Jenny, binti wa mfanyabiashara tajiri, mnene kidogo na mtulivu. Jenny ni rafiki ya Julia tangu shuleni, na yeye mwenyewe amempenda yule bwana siku zote kimya. Hakuna mlipuko. Kuna ndoa inayokua kwa viazi, maziwa na uvumilivu, na kuna urafiki wa shule unaopaswa kuishi na jambo hilo. Wasomaji wengi hukilaumu kwa kukosa moto. Mimi nakiweka juu ya vyote alivyoandika.

Lakini bei kamili aliilipa mwanamke wa kwetu. Sayyida Salme alizaliwa Unguja mwaka 1844. Baba yake, Sayyid Said, alikuwa tayari anatawala Oman wakati wa Regency. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Akapendana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, nyumba zikiwa zimekaribiana. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza akiwa mjamzito; mwaka 1867 wakafunga ndoa Aden, akaitwa Emily. Mwaka 1870 mume akafa Hamburg kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo kwenye baridi isiyojua jina lake. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake, na hakukimalizia kwenye harusi.

Salme ndiye anayenishika mkono kila ninapotaka kumaliza kwa kengele za kanisa. Mjane wetu anampenda fundi saa. Mwenzangu alimpinga kwa sura sita: "Hana hata farasi!" Sura ya saba fundi akaitengeneza saa ya marehemu nahodha, akairudisha, akakataa malipo, na hakutaja neno la mapenzi. Sura hiyo ilirudi kutoka Thika bila wino mwekundu hata tone. Chini kabisa kwa penseli: "Sawa. Atembee kwa miguu."

1. Rafiki ndiye hadithi

Jamani, tumefika. Katika Pride and Prejudice kuna uchumba mmoja unaoniumiza, na si wa Elizabeth. Charlotte Lucas ana miaka 27, hana fedha, na anakubali kuolewa na Bwana Collins siku chache baada ya Elizabeth kumkataa bwana huyohuyo. Elizabeth anaposikia anapiga kelele kwa mshtuko mbele ya rafiki yake. Wanaendelea kupendana, lakini jambo limevunjika, na Austen hajidai kwamba limeungwa. Darcy anaweza kuandika barua ikasafisha yote. Charlotte hana barua ya kuandika. Ukitaka kujua kama mtu anaielewa riwaya hii, muulize habari za Charlotte.

Austen alijua alichokiandika, kwa sababu maisha yake yalibebwa na wanawake. Desemba 1802 alikuwa mgeni kwa marafiki zake wa ukoo wa Bigg. Kaka yao, Harris Bigg-Wither, mrithi wa jumba lile, akamposa Jane jioni, Jane akakubali. Asubuhi akakataa, akaondoka. Fikiria ujasiri wa kumkataa kaka wa rafiki zako ukiwa nyumbani kwao, kisha fikiria kwamba urafiki ulibaki. Uchumba ulikaa usiku mmoja tu.

Kisha yupo Anne Sharp, mwalimu wa watoto wa kaka yake Jane. Mwalimu wa nyumbani alikuwa mtu wa kati kwa kati: si mgeni, si mtumishi, hana mahali pa kukaa sebuleni. Jane akamfanya rafiki wa maisha. Mwaka 1815 ilipotoka Emma, kitabu kiliwekwa wakfu kwa kaimu mfalme, mtu ambaye Jane hakumpenda, kwa sababu ikulu ilidokeza kwamba ingefurahi. Nakala chache za zawadi za mwandishi zilienda hasa kwa jamaa. Moja ilienda kwa Anne Sharp. Mei 1817, akiwa mgonjwa sana, mojawapo ya barua zake za mwisho aliiandika kwa Anne. Julai 18 akafariki, na miaka yake ilikuwa 41.

Na yupo Martha Lloyd. Martha aliishi na Jane, dada yake Cassandra na mama yao kule Chawton, nyumba ambamo Jane alitengenezea vitabu vyake vya kuchapishwa. Martha alishika daftari la mapishi na dawa za nyumbani, nalo lipo mpaka leo. Wanawake wengine walibeba kazi za nyumba ili mmoja apate asubuhi ya kuandika. Nikisoma hayo nakumbuka jinsi mwenzangu alivyochukua watoto wangu Jumamosi tatu mfululizo mwaka juzi, akawapeleka Fourteen Falls na kuwarudisha wamelowa na wamelala, ili nimalize sura ya shemeji. Hakusema kitu. Aliniuliza tu kurasa ni ngapi.

Martha naye alipata mapenzi yake. Mwaka 1828 aliolewa na Francis, kaka yake Jane, mjane mwenye watoto wengi. Bibi harusi alikuwa na miaka 62. Nilipompa mwenzangu habari hiyo tulikuwa steji ya Thika, mvua imeanza, makanga anaita "Ruiru, Ruiru, wawili!" Akasimama palepale. "Halafu wewe unasema wasomaji hawataamini fundi saa."

Tumebakisha sura nne. Mjane na binti wa kasisi wamekosana, kwa jambo linalofanana na la Charlotte, na hatujakubaliana watapatana vipi. Fundi saa anaweza kungoja, amezoea.

Nawe msomaji, kama una kitabu cha mtumba cha mapenzi ulichokimaliza, kipeleke kwa muuzaji wa barabarani kikiwa na kurasa zake zote. Kikiwa kimepungua, kipeleke hivyohivyo, na umwambie msichana atakayekinunua atafute rafiki wa kubishana naye.